Kidole Gumba cha Mama Laini

Kwanza niseme wazi: Mama Laini alikuwa mchoyo. Nimekaa naye baraza moja pale Buhare, Musoma, miaka mingi, mimi na cherehani yangu, yeye na meza yake ya kusajilia laini za simu, na sikuwahi kumwona akimwazima mtu kitu. Kiberiti hapana. Kiti chake cha plastiki, hata akiwa amesimama, hukikalii. Mvua ikinyesha nawe una safari, mwavuli wake unabaki umeegemea ukuta na wewe unalowa. Siku moja nilimwomba chaja nichaji simu yangu kidogo, akaniambia, "Fundi, chaja inachoka." Nikamwuliza inachokaje na imelala tu hapo. Akasema inachoka ikienda kwa mtu.

Sikumchukia kwa hilo. Ukishamjua mtu kwamba haazimi, unaacha kumwomba, mnabaki na mambo mengine ya kuongea. Na tuliongea sana. Alinijua mimi na mume wangu na magoti yangu yanayouma wakati wa masika. Mimi nilimjua kwa ukali wake, kwa chai yake isiyo na sukari, na kwa namna alivyofunga meza kila ikifika wakati wa swala, akageuza kibao kilichoandikwa NARUDI, na kweli akarudi kabla mteja hajachoka kusimama.

Jina lake analo, zuri tu, lakini mtaani hakuna aliyelitumia. Nililisikia lote kwa ukamilifu siku lilipotamkwa na askari aliyevaa kiraia, mchana kweupe, gari limesimama mbele ya baraza letu na injini inanguruma. Tukaangaliana mimi na muuza nyanya wa jirani, ni nani huyo? Hata yeye mwenyewe alichelewa kuitika.

Walisema laini ya simu yenye jina lake na alama ya kidole chake imekutwa kwenye simu ya mmoja wa watu waliovamia soko, huko mbali, mpakani, wakaua. Habari ya shambulio lile tulikuwa tumeisikia sote, tukaguna, tukarudi kwenye kazi zetu kama mtu anavyofanya na habari za mbali. Sasa ilikuwa imekuja kwa gari mpaka Buhare, na ilikuwa inamtafuta mama aliyekaa futi chache kutoka kwangu. Nilicheka. Kilikuwa kicheko kibaya cha woga, na askari mmoja akaniuliza kinachonichekesha ni nini. Nikasema hakuna.

Kabla sijaenda mbali, nieleze kazi yake, maana bila hiyo hamtanielewa.

Siku hizi laini haisajiliwi kwa maneno matupu. Unataja namba ya kitambulisho chako cha taifa, unabandika kidole gumba kwenye kioo cha kimashine, kimashine kinakituma kidole chako huko kinakokituma, na jibu likirudi kwamba wewe ni wewe, laini inakuwa yako. Likirudi vingine, huna laini. Mama Laini alikuwa na kimashine hicho, na siku za soko alikitia kwenye mkoba akaenda nacho hadi Bukima, kwa wanawake wa mwaloni, pale mitumbwi inapopakulia samaki.

Nilimsindikiza mara moja, nikitafuta tenda ya sare za kwaya. Nikamkuta bibi mmoja amekaa mbele yake kwenye ndoo iliyopinduliwa, anabonyeza kioo kana kwamba anakitoboa.

"Bibi, futa kidole kwenye kanga, weka tena."

"Nimefuta. Hiki kinanikataaga tu."

"Basi weka cha kushoto."

"Cha kushoto ndo kinashikaga samaki, mwanangu. Hicho kiliisha zamani."

Ilikuwa kweli. Mwanamke aliyepaa samaki tangu usichana wake, akageuza dagaa kwenye mchanga wa moto, akamenya muhogo wa kukausha kuwa udaga mwaka nenda mwaka rudi, mistari ya vidole vyake inalika. Ukimshika mkono unateleza. Kimashine kikitazama hapo hakioni mtu. Utaratibu ulikuwa na jibu lake: apumzishe mikono wiki kadhaa, ngozi irudi, ajaribu tena. Bibi aliposikia apumzishe mikono alicheka mpaka akajishika kiuno. "Nikiipumzisha nakula nini?" Na bila laini, mtoto aliyeko Mwanza au migodini hana pa kupigia wala pa kumtumia chochote mama yake.

Mama Laini akatazama kulia, akatazama kushoto. Akaandika namba yake mwenyewe ya kitambulisho, akabandika kidole gumba chake. Kimashine kikakubali papo hapo.

Njiani tukirudi nilimvaa. Wewe usiyeazima kiberiti, leo unaazima kidole? Akanijibu kwa upole wa mtu anayemfundisha mtoto: "Kiberiti kinaisha, fundi. Kidole nimekiweka pale, na nimeondoka nacho." Akaninyooshea nikione. Mpaka leo nikilifikiria jibu lile naona lilikuwa na akili, ila lilikuwa akili ya vitu vinavyoshikika. Alifanya hivyo kwa wanawake sita, mtandao huu na ule, wote wajane au watu waliobaki peke yao. Hakuwadai shukrani, na wakimletea samaki furu wa kukausha aliwakaripia kwamba watamharibia mkoba.

Cha ajabu ni kwamba hakuna mtu Musoma nzima aliyehubiri usiri wa simu kama yeye. Wazee wakija na simu zao awasomee ujumbe, walikuwa na tabia ya kutaja namba ya siri kwa sauti, baraza zima tusikie. Aliwanyamazisha kwa kiganja. "Namba ya siri ni nguo ya ndani, baba. Hata mimi usinionyeshe." Wazee wa watu waliona haya, wakaondoka wamejifunza. Aliwafundisha kutomjibu anayejifanya wakala, kutompa mtu simu stendi, kutopokea zawadi ya bahati nasibu ambayo hawakucheza. Kisha siku ya soko anakwenda Bukima kubandika kidole chake kwenye maisha ya watu wengine. Nilipomwonyesha kwamba mambo haya mawili hayakai chungu kimoja, aliniambia nishone.

Simu zenyewe hakuzipenda. Aliuza laini siku nzima, lakini yeye alikuwa na kitochi cha vitufe kilichofungwa raba, na mazungumzo yake yalikuwa mafupi kupita ujumbe. "Ndiyo. Hapana. Kesho." Anakata. Wadogo zake walilalamika kwamba hawajawahi kumsikia akisema kwaheri.

Picha za kuzunguka kwenye simu ndizo zilizomkera zaidi. Shambulio lile lilipotokea, video zake zilifika Buhare kabla ya taarifa ya habari. Siku chache baadaye vijana wa bodaboda waliinamia simu moja pale barazani, wanaangalia watu wamelala chini katikati ya mchele uliomwagika. Mama Laini akasimama. "Futa hiyo." Mwenye simu akasema mama, hii ni habari. "Futa. Huyo aliyelala hapo ana mama yake, na mama yake hajakuruhusu." Akasimama pale mpaka akafuta. Kesho yake akamfutisha mwingine, na keshokutwa akamfutisha muuza nyanya. Tulimwona mkali tu, kama kawaida yake.

Baadaye mtu alikwenda kusema polisi. Kwenye faili maneno yale yakageuka, ikawa mtuhumiwa aliwahimiza watu kufuta video za tukio. Niliitwa kueleza hilo nikaeleza mpaka koo likakauka, nikaona anayeandika ameandika mstari mmoja tu. Tangu siku hiyo nimejua kwamba mtu anaweza kufanya jambo jema mbele ya watu kumi na likasomwa vingine na mtu wa kumi na moja ambaye hakuwepo.

Laini yenyewe ilifikaje huko? Yeye aliijua mara tu waliposoma tarakimu zake. Ilikuwa ya mmoja wa wale sita, bibi aliyekuwa amefariki. Wageni wa msiba walipotawanyika, mkwe wake alichukua simu ya marehemu akaenda nayo stendi ya Bunda, akaiuza na laini yake ndani. Kwetu simu yenye laini iliyokwisha kusajiliwa inauzika upesi, mnunuzi hahangaiki, anaweka vocha tu. Mkwe hakujua lolote, alitaka unga na sukari. Aliyeinunua alimwuzia mwingine, na huyo mwingine naye, na kutoka hapo hakuna anayejua, ila jina la Mama Laini lilisafiri nayo mkono kwa mkono hadi kwenye mfuko wa mtu aliyekwenda kuua.

Mahojiano alinisimulia mwenyewe, mara moja tu, macho yake yakiwa kwenye kitambaa nilichokuwa nakata. Afisa alifungua kompyuta, zikatoka laini zote zenye jina lake, mbali na ile ya kitochi chake.

"Hizi tano nyingine ni za nani?"

"Zangu."

"Zote?"

"Zote."

"Na hii ya sita?"

"Hiyo ya marehemu. Mkamwulize makaburini Bukima."

Afisa hakukasirika. Alimwambia taratibu: "Mama, ukisema tano ni zako, basi na ya sita ni yako, na ya sita imekutwa kwa wauaji. Ukisema ya sita ilikuwa na mtu mwingine, basi hata hizi tano zina watu. Nitajie."

"Fundi," akaniambia, "nilikaa kwenye kile kiti nikaona kila upande ukuta." Akiwataja, vikongwe watano wangetolewa majumbani mwao waulizwe habari za magaidi, watu ambao hata askari wa kata wakimwona wanajificha jikoni. Asipowataja, yeye ndiye aliyebaki. Hakuwataja. Alirudia "zangu" mpaka wakachoka, na alilala huko siku nyingi, nami nikawa nampelekea uji, ambao nusu yake sijui ilikuwa inanywewa na nani.

Siku ya shambulio Mama Laini alikuwa nyumbani kwetu Butiama, karibu na Mwitongo, tulipokuwa tunamzika mama yangu. Hilo lilipaswa kumtoa. Mimi niliamini nikisema tu, imekwisha. Walinionyesha kwamba hata wao walilijua: minara ya simu ilikuwa imewaambia kwamba kitochi chake kilikuwa Butiama siku ile. Nikapumua. Kisha yule afisa akasema, "Simu ilikuwa Butiama. Aliyeishika hatumjui."

"Mimi nilimwona."

"Wewe ni rafiki yake."

Nilitamani kumrushia kiti. Mtu amekaa na mama yangu marehemu usiku kucha, ameosha masufuria, na ushahidi wake umekuwa mnara na si mimi, halafu na mnara nao hautoshi. Ndipo nikakumbuka kwamba mpwa wangu alipiga video mazishi yote, kwa ajili ya ndugu walioko mbali. Nilimgombeza kwa hilo siku ile, nikaona ni utovu wa adabu kumpiga picha mama yangu akishushwa. Sasa nikampigia simu aniletee upesi.

Tuliiangalia ofisini, mimi na maafisa wawili, kwenye kioo kikubwa. Jeneza la mama yangu lilipita, wakarudisha nyuma, likapita tena, wakarudisha tena, wanatafuta mtandio wa Mama Laini nyuma ya wabebaji. Nililia, na hakuna aliyejua la kufanya na mimi. Hatimaye akaonekana, jikoni kwa wapishi, ameng'ang'ania kisu, na sauti yake ikasikika wazi: "Kisu hiki nimekuja nacho na nitaondoka nacho. Tafuteni chenu." Afisa akacheka kwa mara ya kwanza. Akaandika kwamba ameonekana.

Basi wakaamini hakuwepo kule sokoni. Lakini kuamini hakukuwa kumwachia. Kimashine kikachukuliwa. Kitochi kikabaki kwao kama kielelezo. Jina lake likafungwa, asiweze kusajili laini yoyote, kwa hiyo mwanamke aliyewapa watu laini kuanzia Buhare hadi Bukima akabaki hana hata ya kwake. Akaamriwa aripoti kituoni kila Jumatatu na asivuke mpaka wa mkoa. Hii itakuwa mpaka lini? Mpaka faili lifungwe, wakasema, na faili haliwezi kufungwa wakati lina laini zisizo na wenyewe.

Aliporudi barazani, meza yake ilikuwa imelundikwa nyanya. Muuza nyanya aliziondoa bila kumtazama usoni. Watu waliacha kumsalimia kwa sauti, wakaanza kumsalimia kwa kidevu. Ilisemekana anayewasiliana naye namba yake inaingia kwenye kompyuta za serikali. Na mtandio wake, ule ule aliouvaa miaka yote, wakauona siku hiyo kwa mara ya kwanza. Mteja wangu mmoja, mama wa Jumuiya kabisa, aliniuliza siogopi kukaa na gaidi? Gauni lake nililishona likambana kwapani makusudi, na nikimwona nalo kanisani nafurahi.

Ila nisijifanye shujaa, na mimi niliogopa. Usiku nilikuwa nahesabu nani kanipigia na nani nimempigia.

Aliyemfungulia upenyo alikuwa mpelelezi mmoja wa hapa hapa Musoma, mtu mzima, wa kukaribia kustaafu. Alimwambia pembeni, Jumatatu moja: "Hao kina mama wako tutawafikia tu, simu zinajisema. Ila nikimkuta mtu laini yake ina jina lake, sina cha kumwuliza. Kila laini ikipata mwenyewe, faili linapungua." Akamaliza hapo, akaondoka.

Lakini wenyewe hawakuwa na vidole. Mama Laini alikaa barazani siku nzima, hata swala ya adhuhuri alichelewa, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Jioni akaniambia, "Nakwenda Bukima kupaa samaki."

Nikadhani akili imemtoka. Maelezo yake yalikuwa haya: ngozi inarudi mikono ikipumzika. Mikono haipumziki kwa sababu kuna kazi. Basi kazi ataifanya yeye. Atakwenda kwa kila mmoja apae samaki wake, ageuze dagaa wake, amenye muhogo wake, na mwenye nyumba akae amekunja mikono mpaka vidole viote, kisha aende kwa wakala mwingine aweke kidole chake mwenyewe.

Na ndivyo alivyofanya. Jumatatu anaripoti kituoni, mchana anapanda gari la Bukima, anarudi Jumapili jioni. Nilikwenda kumwona. Nilimkuta amechuchumaa kwenye mwanga mkali wa mwaloni, magamba mpaka kwenye nyusi, na bibi mwenye samaki amekaa pembeni, mikono imefungwa kwenye kanga, anamsimanga.

"Wewe, hivyo si ndo unakata nyama! Kisu kinalalaga hivi."

"Bibi, usishike."

"Sishiki, naonyesha."

"Onyesha kwa mdomo."

Wanawake wale hawakuwahi kukaa bure maishani mwao, na kukaa bure kuliwatesa. Mmoja alitoroka nyuma ya nyumba akamenya muhogo kwa siri. Mama Laini alipomfuma alipiga yowe majirani wakatoka. "Hicho unachomenya si muhogo, bibi, ni kidole chako!" Wakaanza upya. Mwingine alianza kusuka ukili gizani, ikabidi Mama Laini aufiche ukili. Nilicheka sana siku ile. Nilimwona Mama Laini anacheka pia, na nilikuwa nimesahau kwamba ana mwanya.

Wa kwanza alipokubaliwa na kimashine, alipiga kigelegele pale kwa wakala, akataka arudie tena ili ajione. Wa pili akafuata. Wa tatu na wa nne walichukua muda, lakini wakapita. Kila mara yule mpelelezi alifuta mstari kwenye faili.

Akabaki wa tano, yule yule wa siku ile, aliyesema cha kushoto kiliisha zamani. Mikono yake ilipumzishwa kuliko ya wote. Ngozi ikarudi, nyeupe, tupu, bila mstari hata mmoja. Walijaribu vidole vyote kumi. Walikwenda naye mpaka mjini ofisini, wakamwambia arudi, akarudi, wakamwambia arudi tena. Hakukuwa na wa kumsajilia. Zamani jirani yeyote angekubali, lakini sasa wote wamesikia yaliyompata Mama Laini, na wakala akipita wanaficha mikono kwenye kanga, na siwezi kuwalaumu.

Njia iliyobaki ilikuwa nyepesi. Laini ile ifungwe. Ina jina la Mama Laini, aseme neno moja tu, inazimwa, faili halina tena kitu cha kumshikia, Jumatatu zinakwisha. Mpelelezi alimwambia waziwazi.

Akakataa. Bibi yule ana mwana mmoja, Magesa, aliyekwenda migodini akahama mgodi hadi mgodi, kisha akanyamaza, miaka sasa. Hajulikani aliko. Kitu kimoja tu mama yake anakijua kwa hakika: kabla ya kuondoka Magesa aliikariri namba ile mbele yake, akaitamka bila kusoma, mara mbili. Hana nyingine. Ikifungwa, akipiga ataambiwa namba haipo.

Niligombana naye kwa hilo, tena kwa sauti. Nikamwambia unajifunga mwenyewe kwa ajili ya mtu ambaye hatapiga. Akauliza, "Hatapiga? Wewe unajua?" Nikasema kila mtu anajua. Akasema, "Mama yake hajui." Akahamia Bukima kwa yule bibi, na baraza likabaki langu na nyanya.

Nimemwona tena mwaka huu. Nilikuwa nimeshuka mjini kutafuta zipu na vifungo, siku ya Jumatatu, na nikipita mbele ya kituo nikamkuta amekaa juu ya jiwe nje ya geti, anasubiri kuitwa. Amekonda. Viganja vimepasuka. Tulisalimiana, akaniuliza magoti, nikamwuliza bibi. Kisha akatazama mkoba wangu, na nikaona anatafuta namna ya kusema jambo ambalo limempa shida.

"Una vocha kwenye simu?"

Nikasema ninayo.

Akanieleza. Laini ikikaa kimya miezi, kampuni inaizima yenyewe na kumpa mtu mwingine namba ile. Bibi hana mtu wa kumpigia, wala hana anayempigia. Kwa hiyo kila baada ya muda lazima mtu aiamshe. Kijijini wanakataa, mjini wanakataa, hakuna anayetaka namba yake ionekane kwenye laini ile. Alishaomba watu wanne asubuhi ile.

Nilitoa simu. Najua ilinichukua muda, maana aligeuza uso akatazama barabara ili anipe nafasi. Akaitamka namba kwa kichwa, nikaibonyeza, nikaweka sauti ya nje, nikampa.

Iliita mara nyingi. Kisha sauti nyembamba ikapokea kwa haraka, imejaa pumzi. "Halo? Magesa?"

"Si Magesa, mama. Ni mimi. Naangalia tu kama unasikika."

"Nasikika?"

"Unasikika vizuri."

"Basi na yeye akipiga atanisikia."

"Atakusikia."

Akakata, akanirudishia simu kwa mikono miwili. Nikashindwa kuvumilia. Nikamwambia twende leo hii, sasa hivi, laini ile tuihamishie kwenye jina langu. Mimi nina kidole, nina kitambulisho, hakuna anayenitafuta. Yeye atoke.

Machozi yalimlengalenga, hayakumwagika.

"Ukiingia na wewe, fundi, nani atabaki nje?"

Geti likafunguliwa kidogo, jina lake likaitwa. Akanyanyuka, akakung'uta sketi, akaingia. Mlango wa chuma ukafungwa nyuma yake, na mimi nikabaki pale na vifungo vyangu, nina hasira na kila mtu, na afisa, na kompyuta, na wauaji ambao hata sura zao sizijui, na yeye pia.

Simu ikalia mara moja mkononi mwangu, ikakatika. Ilikuwa namba ile ile. Bibi amenibipu. Labda alikuwa amesahau kuuliza jambo, labda alitaka tu kusikia mtu. Askari wa getini alikuwa ananitazama, na alitazama simu.

Nikampigia.